Kiatu cha Shule na Mguu Wenye Soriasisi

Mstarini asubuhi mwalimu wa zamu anapita akikagua: nywele, kucha, shati, halafu macho yanashuka chini. Viatu vyeusi vya kufunga, soksi nyeupe. Wewe umevaa kandambili. Si kwamba viatu huna. Unavyo, tena vipya, ila jana vilikuchubua kisigino mpaka soksi ikagandana na ngozi. Sasa utajieleza vipi mbele ya shule nzima?

Kama una soriasisi miguuni hali hiyo unaijua vizuri. Na kama huna, huenda anaijua yule mwenzako wa bwenini ambaye kila siku huvua viatu taa zikishazimwa. Makala haya ni yenu wote wawili, ingawa zaidi nitazungumza na mwenye mguu unaouma.

Soriasisi ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa ngozi unaoanzia kwenye kinga ya mwili. Kwa kawaida ngozi hujifanya upya polepole. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda juu, na baada ya kama mwezi mmoja hupukutika bila wewe kujua. Kwa mtu mwenye soriasisi, kinga huisukuma ngozi iende mbio, na kazi ya mwezi mzima inafanyika kwa siku chache tu. Seli hazipati muda wa kukomaa. Basi zinarundikana, na ndiyo yale magamba unayoyaona.

Vitabu vingi husema madoa ya soriasisi ni mekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi mara nyingi huonekana ya zambarau au kahawia iliyokoza, na magamba yake ni ya kijivu. Kwenye nyayo ngozi huwa nene na ngumu, kisha inapasuka, na mipasuko hiyo huuma kweli. Kucha nazo zinaweza kuwa na vishimo vidogo vidogo, kuwa nene, au kubanduka.

Je, inaambukiza? Hapana. Huipati kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja wala kuogea bafu moja. Si ukoma, si uchafu, na wala hujarogwa. Watu wasiopungua milioni 100 duniani wanaishi nayo, na mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipige vita unyanyapaa dhidi yao. Dawa ya kuimaliza kabisa haijapatikana. Dawa za kuituliza zipo, na watu wengi hukaa miezi mingi bila madoa yoyote.

Sasa viatu vinaingiaje?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Katika miaka ya 1870 daktari wa Kijerumani aitwaye Heinrich Köbner aligundua jambo la ajabu: wagonjwa wa soriasisi hutokwa na madoa mapya mahali ngozi ilipojeruhiwa. Mkwaruzo, kuungua, hata kusuguliwa kila siku mahali pale pale, vyote vinaweza kuita doa jipya. Si kwa kila mgonjwa, lakini kwa wengi.

Sasa fikiria mguu wako. Unatembea kilomita 3 kwenda shule na 3 kurudi. Ukingo wa kiatu unagonga kisigino kila hatua. Kwa mwenzako hilo ni lengelenge la siku mbili. Kwako linaweza kuwa doa la miezi. Kwa hiyo kiatu kisichosugua kwako ni sehemu ya matibabu, wala asikwambie mtu kwamba unadeka.

Lakini kwanza hakikisha ni soriasisi. Fangasi za miguu na ukurutu hufanana nayo sana, hata mganga mzoefu anaweza kuhitaji kukwangua magamba kidogo na kuyapima kwa hadubini. Tafadhali usikimbilie duka la dawa kununua tyubu ya krimu kwa kuwa rafiki yako aliitumia. Krimu nyingi zina steroidi. Ukiipaka kwenye fangasi, muwasho unapoa huku fangasi wanaendelea kusambaa kimya kimya. Nenda kituo cha afya, na wakishindwa omba wakuandikie rufaa kwa daktari wa ngozi. Kwa Tanzania, Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, kiko KCMC tangu mwaka 1992, na wengi waliosomea pale wanafanya kazi katika hospitali za mikoa.

Kununua kiatu

Nenda jioni, usiende asubuhi. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokutosha saa tatu asubuhi kinaweza kukubana saa kumi. Vaa soksi zile zile utakazovaa shuleni.

Usiamini namba. Namba 6 ya Uingereza ni karibu na 39 ya Ulaya, lakini kila kiwanda kina 39 yake. Fanya hivi: kabla ya kutoka nyumbani simama juu ya karatasi, mtu akuchoree mguu kwa penseli, miguu yote miwili kwa sababu mara nyingi mmoja ni mkubwa. Kata ule mchoro na uende nao. Kiatu kikiwa chembamba kuliko karatasi, kirudishe hata kama muuzaji anaapa kwamba “kitaachia tu”. Kitaachia, ndiyo, lakini baada ya kula ngozi yako.

Kisha ingiza mkono ndani. Hili watu hawalifanyi, na mimi naliona ndilo la maana kuliko yote. Pitisha vidole taratibu kwenye kisigino, pembeni, na pale juu kiatu kinapokunjika. Ukigusa mshono mgumu, msumari, gundi iliyoganda au ukingo mkali, jiulize: doa langu liko wapi? Mshono unaopita mbali na doa si tatizo. Unaopita juu yake utakutesa. Mwenye doa kisiginoni anahitaji kiatu chenye kisigino laini. Mwenye madoa kwenye unyayo anahitaji soli nene na kitambaa laini cha kukanyagia. Mwenye kucha zilizonenepa anahitaji nafasi mbele, kama upana wa kidole gumba kutoka kidole kirefu hadi ncha ya kiatu. Ndiyo maana kiatu kinachomfaa mwenzako mwenye ugonjwa huo huo huenda kisikufae wewe.

Chagua chenye kamba au bizimu. Kiatu cha kuchomeka tu hakikamati mguu. Unateleza ndani yake, na kuteleza ndiko kusugua. Kikubwa mno kina ubaya ule ule, kwa hiyo usikubali shauri la “nunua kikubwa utakua”.

Kuhusu malighafi: ngozi laini au turubai hupitisha hewa. Plastiki inayong'aa haipitishi. Mguu unatota jasho, ngozi iliyolowa inalainika, inachubuka upesi. Tatizo ni kwamba viatu vingi vya shule vya bei rahisi ni vya plastiki, na fedha haziko. Hapo ushauri wangu ni mitumba. Kiatu cha ngozi kilichokwisha kuvaliwa kimeshalainika, na mara nyingi huuzwa rahisi kuliko kipya cha plastiki. Angalia tu soli: ikiwa imelika upande mmoja kitakukanyagisha vibaya. Kisafishe ndani, badilisha kile kitambaa cha kukanyagia kama kinatoka, na ukikaushe vizuri kabla ya kukivaa, maana soriasisi haiambukizi lakini fangasi wanapita kwa viatu.

Halafu kuna fundi viatu, mtu tunayemsahau. Kwa fedha kidogo anaweza kuondoa mshono unaogonga, kubandika ngozi laini kisiginoni, au kutanua kiatu kwa kukiweka kwenye umbo la mguu la mbao usiku kucha. Mwonyeshe mahali hasa panapouma, tia alama kwa chaki.

Yeboyebo na kandambili ni nzuri bafuni. Kwa kutwa nzima kandambili ina kamba inayopita kati ya vidole, na kama una madoa hapo utajuta. Kama mpira wenyewe unakuletea vipele na muwasho, mwambie mganga, kwa maana wapo watu wanaodhuriwa na kemikali za mpira au gundi. Kutembea peku usijaribu, hasa miguu ikiwa imepasuka. Zamu ya shamba la shule ikifika na unalazimika kuvaa mabuti ya mpira, vaa soksi mbili na uyavue mara kazi inapokwisha.

Soksi, na saa ya kulala

Soksi za pamba zinanyonya jasho. Zigeuze ndani nje ili ule mshono wa vidoleni ukae upande wa kiatu. Hakuna atakayeona. Badilisha kila siku, na ukitoka michezoni badilisha tena. Kama unazo jozi mbili za viatu, vaa kwa zamu ili kimoja kikauke. Kama ni moja tu, na kimelowa mvua, kijaze magazeti usiku. Usikianike karibu na jiko, ngozi itakakamaa iwe kama ubao.

Usiku loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hivi, ikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha paka mafuta mazito ya mgando kama vaselini na uvae soksi safi. Magamba yatalainika yenyewe. Tafadhali acha wembe, na lile jiwe la kusugulia miguu liache pia. Unakumbuka habari ya Köbner? Ukikwangua leo, unaliita doa la mwezi ujao.

Na mwalimu wa zamu?

Usingoje siku ya kukaguliwa. Mwombe mganga cheti kinachosema mambo matatu: ugonjwa si wa kuambukiza, viatu fulani vinaujeruhi mguu, na unahitaji kiatu cha aina gani. Mpelekee Mkuu wa Shule pamoja na mzazi au mlezi wako ukiweza, au pitia kwa matroni au patroni. Ombi lako liwe dogo na la wazi. “Naomba nivae raba nyeusi badala ya viatu vya ngozi, na soksi nyeusi badala ya nyeupe kwa sababu damu na dawa huonekana.” Mwalimu hukataa haraka akiambiwa “naumwa miguu”. Huona ugumu kukataa raba nyeusi yenye cheti. Cheti halisi kibaki ofisini, wewe tembea na nakala ndani ya daftari, kwa sababu mwalimu wa zamu hubadilika kila wiki.

Jambo moja ambalo viatu havitatui. Kama unaamka asubuhi viungo vimekakamaa, kisigino kinauma hata bila kiatu, au kidole kimoja kimevimba chote kama soseji, rudi hospitali mapema. Soriasisi inaweza kuingia kwenye viungo, na ikichelewa kutibiwa huviharibu. Mweleze daktari kuhusu madoa ya ngozi hata kama umekwenda kwa ajili ya kidole tu. Huenda yeye asikuvulishe soksi.