Mtoto Anaposaga Meno Usiku
Kijitabu cha familia za Keroka na vitongoji vyake

Kusaga meno ni kukaza taya na kusugua meno ya juu kwa ya chini, mara nyingi usingizini. Mwenyewe hana habari. Anayesikia ni yule anayelala naye chumba kimoja.

Hapa Keroka, upande wa Kisii na upande wa Nyamira, mtoto akisaga meno usiku, kukikucha mzazi hukimbilia dawa ya minyoo. Dawa hiyo ina kazi yake, na mtoto ainywe inapogawiwa shuleni. Lakini haijathibitishwa kuwa hukomesha kusaga meno. Mtoto akiacha baada ya kuinywa, huenda angeacha tu, maana hali hii huja na kuondoka yenyewe. Wala hajarogwa. Wengi huacha meno ya utotoni yakishang'oka na ya kudumu kuota, kati ya miaka 6 na 12. Usimgombeze, hafanyi makusudi.

Kinachotaka uangalifu zaidi ni pumzi. Kaa kando ya kitanda usiku mmoja usikilize. Anakoroma? Analala mdomo wazi? Pumzi inakatika, kisha anashtuka? Basi huenda tezi za kooni zimevimba na kumziba njia ya hewa. Huyo apelekwe hospitalini, hata kama mchana anacheza vizuri.

Watu wazima nao husaga meno, hasa kwa mawazo ya karo na madeni, pombe, sigara, au chai na kahawa kali za jioni. Kumwambia mtu aliyezungukwa na mashamba ya chai aache kikombe cha usiku ni kumchokoza, lakini jaribu. Baadhi ya dawa za sonona pia huchangia. Ukizitumia, zungumza na daktari kabla ya kuziacha.

Ukiamka taya zinauma, panja zinagonga, au maji baridi yanatia meno ganzi, nenda kwa daktari wa meno. Tabaka gumu la nje la jino likilika halioti tena. Daktari anaweza kukutengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa ukilala. Huduma ya meno inapatikana katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Nenda mapema, gego lisije likapasuka ukabaki na la kung'oa tu.