Somo la Mwezi: Kifua Kikuu na Swali la Wanafunzi

Tusome kwanza: Yohana 9:1-7

Somo la mwezi huu linahusu ugonjwa wa kifua kikuu, ule ambao wengi wetu tuliotoka ufuko wa Tanganyika, kuanzia Gitaza kushuka Rumonge hadi Nyanza-Lac, tumezoea kuuita igituntu. Siku hizi watu wanasema TB tu.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya maneno yanayosemwa katika vikundi vya maombi. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, Kumbukumbu la Torati 28:22 inataja kifua kikuu miongoni mwa mapigo ya taifa lililovunja agano. Basi wako ndugu wanaousoma mstari huo mbele ya mgonjwa, kisha wanamwomba aungame. Wengine wanasema amerogwa. Na sote tumeona jambo jingine: mtu akikohoa mara tatu kwenye ibada, benchi zima linahama taratibu, naye Jumapili inayofuata haji tena. Hajaenda hospitali, hajaja kanisani, yuko ndani ya hema amejifunika blanketi.

Wanafunzi walipomwona yule kipofu waliuliza swali hilo hilo, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili. Sura ya 28 ya Torati inasema na taifa zima juu ya agano. Haikuandikwa ili jirani apime kifua cha jirani yake. Tunalisema hili wazi kwa kuwa anayeambiwa ana laana huficha kikohozi chake, na kikohozi kinachofichwa ndicho kinachoambukiza nyumba nzima.

Sasa tuutazame mwili wenyewe. Hewa inaingia puani, ambako inapata joto na kuchujwa vumbi, inashuka kwenye koromeo, kisha njia inagawanyika mara mbili, moja kwa kila pafu. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili, maana moyo nao unahitaji nafasi upande ule. Ndani ya mapafu njia zinaendelea kugawanyika kama matawi ya mwembe, nyembamba zaidi na zaidi, mpaka zinafika kwenye vifuko vidogo sana vya hewa. Vifuko hivyo ni mamilioni kwa mamia, na ukuta wa kila kimoja ni mwembamba kuliko karatasi. Hapo ndipo damu inachukua hewa safi na kuitoa iliyotumika. Ukikaa umetulia unavuta pumzi kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika, usiku na mchana, na huwezi kuchagua hewa. Ile iliyomo ndani ya hema ndiyo utakayovuta.

Mgonjwa wa TB ya mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kusema au kuimba, hutoa matone madogo mno yenye vijidudu. Yale makubwa huanguka chini. Yale madogo yanabaki yakielea hewani kwa saa nyingi kama hakuna upepo wa kuyaondoa, na kwa udogo wake yanaweza kupita njia zote tulizozitaja hadi kwenye vifuko. Huko askari wa mwili huyameza. Lakini kijidudu hiki kina ukaidi wake: kinaweza kuishi ndani ya askari aliyekimeza. Mwili hujenga boma kukizunguka, nacho hukaa humo kimelala, hata miaka mingi. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa namna hii, na katika kila 100 walioambukizwa ni 5 mpaka 10 tu watakaougua katika maisha yao. Wengine hawaugui kamwe, wala hawawaambukizi watu.

Kwa nini basi boma la mmoja linabomoka na la mwingine linasimama? Linabomoka kwa njaa. Linabomoka kwa virusi vya Ukimwi visivyotibiwa (ingawa si kila mwenye TB ana Ukimwi, na tunaomba uvumi huo ukome). Kisukari, pombe nyingi na tumbaku vinalidhoofisha. Na kabla ya hayo yote kuna suala la nani anavuta hewa ya nani, na kwa saa ngapi.

Tukumbuke nyumbani. Pale Gitaza milima inashuka mpaka karibu na maji, nayo nyumba na barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge vinagombania ukanda mwembamba. Mwenye mali alijenga nyumba yenye madirisha yanayotazama ziwa. Vijana wa mitumbwi walipanga chumba kimoja watu wengi, wakalala mchana mlango umefungwa kwa sababu usiku walikuwa majini na taa zao, wakitafuta ndagala na mukeke. Akina mama waliokausha samaki kwa moshi au kukamua mawese waliuvuta moshi huo mwaka mzima. Mvuvi naye ana kalenda yake. Mwezi ukiwa mpevu anapumzika, samaki wakihama anawafuata mpaka mwalo mwingine. Dawa za TB zinataka mtu akae mahali pamoja miezi sita. Kwa hiyo hata kabla ya vita kutuondoa, ugonjwa ulikuwa umeshajua mlango gani wa kuingia.

Kisha tukakimbia. Wapo kati yetu wazee wa mwaka 1972, wapo wa 1993, wapo waliopita Kagunga mwaka 2015, pale maelfu na maelfu walipobanana ufukweni wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Kipindupindu kilipoanza pale kila mtu alikiona, maana kinaua kwa siku moja au mbili, na mashirika yalikuja mbio. TB haina kelele hiyo. Mtu anaambukizwa katika msongamano, anahama, anasahau, na mwaka mmoja au miwili baadaye anaanza kukohoa mahali pengine kabisa. Hakuna anayekumbuka lile turubai walilolala watu kumi na wawili.

Zamani, kabla ya dawa, tofauti ya tajiri na maskini ilionekana hadharani. Tarehe 24 Machi 1882 daktari Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu chenyewe, na ndiyo sababu siku hiyo kila mwaka ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Lakini kukiona hakukumponya mtu. Matajiri wa Ulaya walipanda milima ya Davos, Uswisi, wakapumzika miezi mingi kwenye hewa baridi na chakula kizuri. Baadaye mahali pa namna hiyo palijengwa kwetu pia, kama Kibumbu katika milima ya Mwaro, na Kibong'oto huko Kilimanjaro, ambayo ilianza mwaka 1926 na leo ni hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Ila mkulima mwenye watoto saba angewezaje kukaa mwaka mzima mlimani?

Dawa zilipopatikana, kuanzia streptomycin katika miaka ya 1940, swali likawa kama maskini anaweza kutibiwa akiwa kwake. Jibu lilitoka Madras, India, mji ambao leo unaitwa Chennai. Kuanzia mwaka 1956 madaktari waligawa wagonjwa makundi mawili. Wa kwanza waliwekwa sanatoriamu, wakala vizuri na kupumzika. Wa pili walibaki katika vibanda vyao vilivyojaa watu, wakala kidogo, wengine wakafanya kazi, lakini wakameza dawa zile zile. Matokeo yalikaribiana. Na ndugu wa nyumbani hawakuambukizwa zaidi ya ndugu za wale waliolazwa, kwa kuwa hatari kubwa ilikuwa kabla ya matibabu. Tunawaomba wanaosema "siwezi kumeza vidonge, mgao umekwisha" walifikirie sana jambo hili. Njaa ni mbaya, na tutaisema hapa chini, lakini dawa inafanya kazi hata kwenye nyumba yenye shida.

Sehemu inayofuata inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, na tunashangaa kwamba haifundishwi shuleni. Matibabu yalikuwa marefu, mwaka mmoja na nusu hivi, na watu walichoka wakaacha. Karibu mwaka 1970 yalianza majaribio katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na wagonjwa wa huko, watu wa kawaida, ndio walioonyesha kwamba dawa mpya ya rifampicin ikiunganishwa na nyingine inaponya kwa miezi sita. Kisha mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia. Styblo mwenyewe aliwahi kuugua TB, na aliipata akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa vita vikuu vya pili. Alijua kambi ni nini. Mpango ule ulipima makohozi kwa darubini kwenye vituo vidogo, ukahakikisha dawa haziishi, ukamweka mtu wa kumtazama mgonjwa anapomeza, na ukaandika kila jina daftarini mpaka mwisho wa matibabu. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuueneza ulimwenguni.

Pamoja na hayo yote, mwaka 2024 watu kama milioni 10.7 waliugua TB duniani na milioni 1.23 wakafa, wengi mno wakiwa katika nchi maskini. Dawa ni za bure katika vituo vyetu. Safari ya kwenda kituoni si bure, wala siku ya kibarua iliyopotea. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba karibu nusu ya familia zenye mgonjwa wa TB zinapoteza zaidi ya sehemu ya tano ya mapato yao ya mwaka.

Juu ya chakula tunao ushahidi mpya. Huko Jharkhand, India, familia za wagonjwa zilipewa kila mwezi nafaka, kunde na vitamini, si kwa mgonjwa peke yake bali kwa kila mtu wa nyumba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: katika nyumba zile, waliougua TB baadaye walipungua kwa karibu sehemu mbili za tano, yaani asilimia 39 kwa TB ya kila aina, na asilimia 48 kwa ile inayoambukiza. Hakuna sindano iliyotumika, ni mchele na kunde. Kwa hiyo idara ya mashemasi inapopeleka kikombe cha maharage kwa nyumba ya mgonjwa, wasidhani ni huruma tu. Wanawakinga watoto wa nyumba ile.

Katika ibada zetu tunaomba mambo machache. Maturubai ya pembeni yafungwe juu wakati wote wa ibada hata kukiwa na vumbi, maana hewa inayopita na mwanga wa jua ni adui wa kijidudu hiki. Wanakwaya wasikilize zaidi: watafiti wa Marekani walipima jambo hili na kuchapisha mwaka 1968, wakaona kuimba hutawanya matone karibu sawa na kukohoa. Mazoezi yafanyike nje, chini ya mti. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayekonda, mwenye homa za jioni au damu katika makohozi, aende kupimwa, na mzee wa kanisa amsindikize. Mkono wake tuushike, maana TB haiambukizi kwa kusalimiana wala kwa sahani, kikombe au nguo. Wanaotaja Walawi 13 ili kumtenga mtu waendelee mpaka sura ya 14, wamwone kuhani akitoka nje ya kambi kumpima tena, ili arudishwe kwao.

Kuhusu vipimo, Morogoro wako panya buku waliofundishwa na shirika la APOPO kunusa makohozi na kuwagundua wagonjwa ambao darubini iliwakosa. Panya wa hapa kwetu wanajua kunusa unga tu. Vipo vilevile vipimo vya mashine vinavyotoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi.

Matibabu ya kawaida ni dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mkojo ukibadilika rangi kama chungwa usiogope, ni rifampicin. Kwa kawaida baada ya wiki chache za dawa mgonjwa hawaambukizi wengine na anajisikia mzima, na hapo ndipo wengi wanaacha. Vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na TB sugu inahitaji dawa nyingine zenye madhara zaidi. Watoto chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa wapelekwe kituoni hata kama hawakohoi, kuna dawa ya kuwakinga.

Tunamalizia na wale wanaojiandikisha kurudi nyumbani, au kuhamishiwa makazi mengine. Kama ndani ya familia yuko anayemeza dawa za TB, mwambieni mhudumu wa kituo kabla ya siku ya basi. Ombeni barua ya uhamisho inayoonyesha dawa zilizoanza lini na zimebaki za miezi mingapi, pamoja na vidonge vya kutosha kwa safari. Kadi ya matibabu isifungwe kwenye mzigo unaopakiwa lori. Ibebwe mfukoni, pamoja na karatasi ya familia, na mkifika Rumonge, Gitaza au popote, ionyesheni kwenye kituo cha afya kilicho karibu ndani ya wiki ya kwanza.