SOMO LA UFUNDI: KUFUNGA GEJI YA JOTO NA KUISOMA

Wewe unayejifunza umakanika siku moja utaletewa gari kuukuu ambalo geji yake ya joto imekufa, na mwenye gari atakuambia ufunge nyingine. Kazi yenyewe si ngumu. Lililo gumu ni kufunga geji inayosema kweli. Geji inayodanganya ni mbaya kuliko kukosa geji. Asiye nayo husimama mara kwa mara akafungua boneti, lakini mwenye nayo huendelea kuiamini mpaka gasketi ya silinda hedi inaungua. Hapo mwenye gari amepoteza injini, nawe umepoteza jina.

Nunua geji pamoja na sensa yake. Sensa ni kile kijiti cha shaba kinachokazwa kwenye injini, ncha yake ikiwa ndani ya maji. Maji yakipata moto, sensa hupitisha umeme mwingi zaidi na mshale hupanda. Kila kiwanda kina vipimo vyake, kwa hiyo ukichanganya geji ya huku na sensa ya kule utapata uongo mtupu. Angalia volti pia. Malori mengi ni ya volti 24, na Land Cruiser nyingine za dizeli vilevile. Usihesabu betri ukaridhika, maana betri 2 zaweza kuungwa zikabaki volti 12. Pima kwa mita.

Sasa chomoa waya wa hasi wa betri. Nyuma ya geji kwa kawaida kuna sehemu 3 za kufungia waya. Waya wa kwanza unatoka kwenye swichi ya ufunguo, ukipitia fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5. Wa pili ni wa erthi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Wa tatu unakwenda kwenye sensa. Mahali waya unapopenya bati, weka mpira usije ukakatwa, na uupitishe mbali na ekzosi.

Sensa yenye waya mmoja hupata erthi yake kupitia nyuzi zake zilizokazwa kwenye injini. Wengi huzizungushia tepu nyeupe ya mabomba ili maji yasivuje, kumbe wanaizuia erthi. Tazama pia ule waya mnene unaounganisha injini na bodi. Kwenye magari ya zamani mara nyingi umeliwa na kutu, na fundi hulaumu geji bure.

Kabla ya kurudisha dashibodi, jaribu. Rudisha waya wa betri, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha chomoa waya kwenye sensa. Kwa geji nyingi mshale utakaa upande wa baridi. Gusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde 1 tu. Mshale ukianza kupanda, geji na waya ni vizima. Usipopanda, tafuta kosa kwenye fyuzi, waya au geji yenyewe. Umeona basi: waya ukikatika njiani, dereva ataona baridi wakati injini inachemka.

Sasa kusoma. Injini iliyopata moto hukaa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Kupanda kidogo mlimani ukiwa na mzigo ni kawaida, mradi mshale urudi ukifika tambarare. La kuogopa zaidi ni hili: mshale umepanda sana, halafu unashuka ghafla na gari bado linapanda mlima. Dereva humshukuru Mungu. Lakini huenda maji yamekwisha, sensa imebaki hewani, haina cha kupima. Simama hapo hapo, zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka kipoe kabisa, maana mvuke wake huunguza uso na macho. Wala usimwage maji baridi kwenye injini iliyo moto, hedi itapasuka.

ZOEZI: Gari limetembea saa nzima na mshale haujatoka kwenye baridi. Taja sababu 3, na useme utaanza kupima wapi.