JUMATANO: "NAONJA TU"

Soma Danieli 1:8–16. Siku kumi zilipokwisha, ni nini kilichopimwa?

Wapo watu wanaoonja sigara nene za bei ghali, kama zile za Cuba, na kuzipa alama hadi 100 kwa ladha yake. Hujitetea: "Moshi simezi, naonja tu." Hapa Mpapura mzee wa ugoro husema vivyo hivyo: "Sivuti, nanusa tu." Lakini nikotini hupenya kinywani na puani, wala saratani ya kinywa haiulizi bei ya tumbaku.

Ghalani sisi huipanga korosho madaraja. Korosho haitupangi sisi. Tumbaku ni kinyume: anayeipima leo, kesho haamki bila hiyo. Danieli aliazimu moyoni kabla ya kuonja. Mwishoni zilipimwa nyuso, si vyakula.

Soma 1 Wakorintho 6:12, 19, 20. Ndugu anayepambana kuacha tusimcheke darasani. Tumtembelee siku zake kumi za kwanza, tukiomba pamoja naye.

Tafakari: Ni kitu gani "unachoonja tu", nacho tayari kinakutawala? Utamwambia nani leo akusaidie?