Nchi ya Gezira, Baina ya Mito Miwili

Gezira kwa Kiarabu maana yake ni kisiwa. Ndilo jina la nchi tambarare ya Sudan iliyo kusini ya Khartoum, baina ya Nile ya Buluu na Nile Nyeupe. Udongo wake ni mweusi, wa mfinyanzi, hata mifereji iliyochimbwa humo haivuji sana. Tena nchi yenyewe imeinama kidogo kuelekea kaskazini na magharibi, basi maji huteremka pasipo pampu.

Ukuta wa kuzuia maji ulijengwa Sennar, ukamalizika mwaka 1925. Wenye ardhi hawakunyang'anywa. Serikali iliikodi kwao, wapende wasipende, ikaigawanya mashamba kwa wakulima. Kila mkulima alilazimika kulima pamba, pamoja na mtama wa chakula chake. Katika faida ya pamba alipata sehemu 40 kwa 100. Zilizobaki zilikuwa za Serikali na kampuni ya Kiingereza. Bei ilipoanguka baada ya mwaka 1930, wengi waliingia katika madeni. Mwaka 1946 wakulima walikataa kupanda pamba mpaka wagawiwe fedha za akiba. Mwaka 1950 kampuni iliondoka, na mahali pake ikawekwa Halmashauri ya Gezira.