Haki ya Mtu Aliyeelemewa

Katika darsa zetu za Alkhamisi alikuwako ndugu mmoja, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye kila tulipofika katikati ya somo huinuka akatoka. Sisi tulimkemea mbele ya watu, naye hakuja tena. Baadaye nduguye alitueleza kwamba kipaza sauti chetu humuumiza yule bwana kama msumari kichwani, na kwamba siku zote zile alikuwa hendi zake. Alikaa nje barazani akisikiliza hadi mwisho. Twakiri kwamba tulimdhulumu, na tumekwenda kwake kumtaka radhi. Makala haya yametokana na aibu hiyo.

Watu wa namna hii katika miji yetu si wachache. Kuna mwerevu wa hisabu ambaye barua ya benki hukaa kabatini kwake miezi mitatu hajathubutu kuifungua. Kuna mama ambaye rundo la nguo na vyombo humzidi hata akaketi chini akalia, na mawifi zake wakasema ni mvivu. Kuna asiyeweza kuwatazama watu machoni wala kustahimili kelele za harusi, akaambiwa ana kiburi. Wengine hupelekwa kwa waganga wakafukizwa na kutozwa fedha, eti wana jini. Kila jambo tusilolijua twalitwika majini, na mganga hushiba!

Matabibu wamekwisha kueleza kwamba bongo za watu wengine zimeumbwa kufanya kazi kwa njia isiyo ya walio wengi. Mwaka 1943 tabibu Leo Kanner wa Marekani aliandika khabari za watoto 11 wenye hali ambayo leo kwa Kiswahili twaiita usonji. Wako pia ambao tangu utotoni akili yao haitulii juu ya jambo moja, wakaanza kumi wasimalize hata moja. Watoto hao hukua, na hali hukua pamoja nao. Wengine huijua wakiwa na miaka arubaini au zaidi, baada ya kulaumiwa umri mzima. Si malezi mabaya wala si uvivu. Mvivu huacha kazi akastarehe. Huyu huiacha kazi na usingizi usimjie.

Ama katika Sunna tuna kisa ambacho twakisoma katika milango ya biashara tu, tukakipita. Alikuwako sahaba aliyekuwa akihadaiwa sokoni kwa udhaifu uliomwingia akilini. Wanavyuoni wengine wasema ni Habban bin Munqidh, wengine wasema ni babake. Jamaa zake walimwendea Mtume (S.A.W.) wakitaka azuiwe kuuza na kununua. Mtume alimwita akamkataza, naye akasema kwamba hawezi kuiacha biashara. Basi hakumkaripia wala hakumfungia nyumbani. Alimfundisha neno moja fupi la kusema kila anapouziana na mtu, kwamba hapana kuhadaana, na imepokewa kwamba alimpa khiyari ya siku tatu katika kila alinunuacho. Masahaba nao walikuwa wakimshuhudia kwa wauzaji, akarudisha bidhaa. Tazameni: mtu hakubadilishwa, soko ndilo lililoambiwa limsubiri. Kadhalika katika Sahihi ya Muslim, mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake alimtaka Mtume kwa haja, naye akamwita kwa jina la heshima, la umama, akamwachia achague njia aipendayo, akasimama naye mpaka haja yake ikesha.

Basi mwenye jamaa aliyeelemewa asimwambie, “Jikaze, panga mambo yako,” kwani huko ni kumwambia kiwete akimbie. Akae naye. Amwambie, “Leo tufungue barua mbili, zilizobaki kesho,” na akae hapo hapo japo hana analolifanya, kwani wengi wao huweza kazi mbele ya mwenzi wasiyoiweza peke yao. Akimtuma, amtume jambo moja kwa maneno ya wazi, tena amwandikie. Akimwalika, amweleze saa ya kuanza, nani watakuwako, na kwamba ana ruhusa ya kuondoka bila ya kuulizwa. Wala asimpangulie chumba chake bila ya idhini yake, kwani huo si msaada. Na siri zake zisifike barazani.

Iwapo hali wala halali, au ataja kufa, hilo si la kungojea: apelekwe hospitali siku ile ile, na asiachwe peke yake. Dua na dawa hazigombani, nasi twashangaa kwamba mpaka leo yatubidi kulisema hili.

Kwa upande wetu, darsa ya Alkhamisi sasa twaisoma bila ya kipaza sauti, na apendaye kukaa karibu na mlango na akae. Ndugu wawili wametuuliza juu ya hajr, yaani kumzuilia mtu mali yake, na ni lini sharia yaruhusu. Mas-ala hayo ni marefu. Tutayaeleza katika toleo lijalo, inshallah.