Kununua gari-nyumba: Anza na idadi ya siku, si ya vitanda

SOMO la wiki hii linahusu ununuzi wa gari-nyumba, yaani gari la mapumziko lenye injini yake ambalo ndani yake mna vitanda, jiko na choo. Soko kubwa la magari haya liko Marekani, na kitovu cha utengenezaji wake ni Elkhart, jimbo la Indiana. Linawahusu wasomaji waishio huko, na pia wale wenye jamaa huko wanaofikiria kuagiza.

Soko lenyewe hupanda na kushuka kwa kasi. Mwaka 2021 viwanda vilipeleka kwa wauzaji magari na trela za mapumziko zaidi ya 600,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Mwaka 2023 idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban 313,000. Anayenunua wakati wa pupa na kulazimika kuuza wakati soko limepoa hupata hasara. Kwa hiyo uchaguzi wa aina ya gari ni jambo la hesabu kabla ya kuwa jambo la starehe.

Madaraja matatu

Magari haya hupangwa katika madaraja A, B na C. Mnunuzi asidhani kuwa herufi zinafuata ukubwa: dogo kuliko yote ni B, la kati ni C na kubwa ni A.

Daraja A hufanana na basi. Urefu wake unaweza kufika mita 13, na lina nafasi na hifadhi kubwa ya maji. Lile la petroli hunywa takriban lita 25 hadi 40 kwa kilomita 100. Kwa kuwa haliwezi kuingia kila mtaa, wengi hulivutisha gari dogo nyuma, nayo ni gharama nyingine. Mengine huhitaji leseni maalumu: Texas kwa gari lenye uzito unaozidi kilo 11,793, na California kwa lenye urefu unaozidi futi 40.

Daraja B ni gari la aina ya van, kama Mercedes-Benz Sprinter au Ford Transit, lililotengenezwa ndani liwe makazi. Hunywa takriban lita 12 hadi 16 kwa kilomita 100 na huegeshwa kwa urahisi. Linawafaa watu wawili. Kasoro yake ni kwamba bei yake ni kubwa ukilinganisha na nafasi inayopatikana.

Daraja C hujengwa juu ya chesisi ya lori dogo, mara nyingi Ford E-450, na hutambulika kwa kitanda kilicho juu ya kichwa cha gari. Huchukua familia yenye watoto, na matumizi ya mafuta ni takriban lita 20 hadi 29.

Hesabu ya kwanza: gharama ya usiku mmoja

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Gari limenunuliwa kwa dola 120,000 taslimu, likauzwa baada ya miaka 5 kwa dola 70,000. Uchakavu ni dola 10,000 kwa mwaka. Bima, maegesho na matengenezo tuseme ni dola 5,000. Jumla ni dola 15,000 kwa mwaka, hata kama gari halijatoka uani.

Mwenye gari akilala humo usiku 25 kwa mwaka, kila usiku umemgharimu dola 600. Akilala usiku 100, gharama ni dola 150. Kama gari la namna hiyo hukodishwa kwa dola 250 kwa usiku, basi kununua kunaanza kuwa na faida baada ya usiku 60 kwa mwaka. Mafuta na ada za kambi hazimo, kwa kuwa hulipwa na mwenye gari na mkodishaji vilevile. Aliyenunua kwa mkopo aongeze riba.

Mfanyakazi mwenye likizo ya wiki tatu hafiki usiku 60. Huyo akodi. Mstaafu anayezunguka miezi minne anaweza kununua bila wasiwasi.

Hesabu ya pili: uzito

Vitanda sita havina maana kwamba gari linaweza kubeba watu sita na mizigo yao. Chesisi ya E-450 inaruhusiwa uzito wa jumla wa kilo 6,577. Tuseme nyumba iliyojengwa juu yake imefanya gari tupu kuwa na kilo 5,900. Zinabaki 677. Watu wanne wa kilo 75 ni kilo 300. Maji lita 150 ni kilo 150. Kilo 227 zilizobaki ndizo za chakula, nguo, vyombo na baiskeli.

Kuzidisha uzito huharibu matairi na breki, na huhatarisha maisha. Gari jipya la Marekani huwa na kibandiko cha manjano kinachoonyesha uzito wa watu na mizigo unaoruhusiwa. Kisomwe kabla ya kukubaliana bei.

Wanaotaka kuagiza

Magari ya Marekani yana usukani kushoto. Kenya hairuhusu kusajili magari hayo isipokuwa machache ya kazi maalumu, na huweka kikomo cha umri wa miaka 8. Kwa safari za hifadhini, Land Cruiser lenye hema juu ya paa hufanya kazi hiyo, na hukodishwa Arusha, Nairobi na Kampala.

Mnunuzi ambaye bado hajaamua anashauriwa akodi kwa wiki moja gari la daraja analolitaka, aliendeshe mwenyewe, apike na kulala humo. Gharama ya wiki hiyo ni ndogo kuliko uchakavu wa mwaka mmoja.